Zohali Juu ya Bule, Mubashara!

Nimeiona Zohali, na moyo bado unanidunda! Achana na picha za vitabuni na video za kwenye simu. Hii ni Zohali yenyewe, juu ya vilima vya Djugu, pete yake imechomoza kushoto na kulia, nyembamba mno lakini ipo. Mwanga ule uliondoka kule zaidi ya saa moja kabla ya kutua jichoni mwangu hapa Bule. Machi 2025 pete zilitugeuzia ubavu, zikawa kama zimefutika. Sasa zinafunguka tena, na zitazidi kupanuka hadi mwanzoni mwa miaka ya 2030. Kwa hiyo uhondo ndio kwanza unaanza!

Darubini yenyewe ni ndogo tu, ya miguu mitatu. Ukishailenga sayari, inaanza kuteleza polepole hadi inatoka kwenye kioo, maana dunia tuliyoikanyaga haitulii. Unaisukuma darubini kidogo kwa kidole, unaikamata tena. Ningeweza kukesha kwa hilo peke yake.

Kisha Mshtarii. Mikanda miwili ya mawingu ya kahawia, na pembeni miezi minne imejipanga, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Pumzika saa moja au mbili, rudi utazame: imehama! Na jitu hilo lenye upana wa kilomita 143,000 hujizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 10.

Uranus ni nukta ya kijani-samawati, basi. Lakini sayari hiyo imelala ubavu: kwenye ncha zake jua huwaka miaka 42, halafu giza miaka 42. Mtoto anayezaliwa huko magharibi ikiingia angeona mapambazuko akiwa mtu mzima! Neptuni ni hafifu zaidi, ila huko pepo huvuma kupita kilomita 2,000 kwa saa.

Sayari kibete za mbali darubini yetu haizifikii, nami ndizo zilizoninyima usingizi. Pluto ilivuliwa cheo cha sayari mwaka 2006, ikaonekana ndogo, ya kupuuzwa. Chombo cha anga cha New Horizons kilipoipita Julai 2015 kilikuta milima ya barafu ya maji, uwanda mpana wa naitrojeni iliyoganda na ukungu wa buluu. Eneo la Pluto lingemeza Kongo yetu mara saba na ushee. Haumea, sayari kibete nyingine, nayo inajizungusha kwa kasi, chini ya saa nne kila mzunguko, hadi imevutika ikawa yai, na ina pete yake. Kwangu hiyo ndiyo bingwa, kabisa kabisa!

Subirini kiangazi, Desemba hadi Februari, usiku usio na mbalamwezi. Huku karibu na Ikweta sayari hupanda juu sana, zikaepuka vumbi na moshi wa upeoni. Kwa miezi ya Mshtarii hata darubini ya macho mawili inatosha. Iegemeze tu kwenye nguzo isitikisike.