Mgeni Aliyejitungia Undugu

Kwetu Kasongo mtoto hufundishwa mapema: ukifika kwa watu, piga hodi, simama nje ya lupango, ungoje karibu. Huingii tu sababu mlango uko wazi. Kwa desturi hiyo tunataka kukipima kitabu kimoja ambacho sisi walimu tunakisifu sana mbele ya wanafunzi, ila hatukisomi kwa macho ya mwenyeji. Ni «Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi», yaani Tippu Tip, aliyejiandikia mwenyewe kwa Kiswahili, akafariki Unguja mwaka 1905.

Kiswahili chake, hatuna neno. Sentensi ni fupi, hakuna mapambo, mambo yanakwenda mbio kama msafara wenyewe. Lugha tunayotumia leo sokoni na darasani ilifika huku na misafara hiyo hiyo. Sifa hiyo tunampa bila choyo.

Lakini tutazame namna anavyoingia kwa watu. Huko Utetera, magharibi ya Lualaba, alikuwako mfalme mzee, Kasongo Rushie. Mwandishi alikuwa amekwisha kusikia habari ya wanawake wa ukoo ule waliotekwa zamani. Basi akajifanya mjukuu: ati bibi yake alikuwa mmoja wao. Mzee akampokea kama damu yake, akamwachia na utawala. Haya yote anayasimulia kama biashara iliyomwendea vizuri. Wanafunzi wetu hucheka. Siye tunauliza: mzee yule alisema nini siku aliyodhani mjukuu wa dada amerudi nyumbani? Kitabu kinatuambia kwa mdomo wa mwandishi tu. Hapo ndipo upungufu wake mkubwa: mwenyeji anafungua mlango, anatoa chakula, anatoa pembe za ndovu, lakini ni mgeni anayemsemea.

Cha ajabu, mwandishi huyu huyu anamlalamikia mgeni mwingine. Mwaka 1876 alikubali kumsindikiza Stanley kushuka Lualaba, na kitabuni anasema Stanley alimwahidi mengi, asitimize. Kumbe sheria ya mgeni aliijua vizuri! Aliikumbuka siku alipodhulumiwa yeye.

Tukitaka kujua mwenyeji aliwaza nini, twende Nyangwe, kwenye ukingo wa mto, katika teritwari yetu hii. Mwaka 1871 Livingstone alikaa pale miezi kadhaa akitafuta mitumbwi. Wenye mitumbwi hawakumpa. Wako wanaosema ulikuwa ukaidi. Siye tunaona busara. Kwa watu wa mtoni mtumbwi ndio mlango wa nyumba, nao walikwisha kuona wageni wanaotembea na bunduki. Tarehe 15 Julai mwaka ule ule, watu wa wafanyabiashara walilipiga risasi soko la Nyangwe, ambako kina mama walikuja kuuza samaki, kuku na unga wa muhogo. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akaandika kwamba waliokufa walikuwa mamia, wengi wao wakizama mtoni. Jamii ya ukingoni inaishi kwa kuaminiana: huyu analeta samaki, yule analeta muhogo, soko linawakutanisha. Mgeni mmoja mbaya anaweza kuvunja kwa asubuhi moja kitu kilichojengwa na vizazi.

Habari hizi si za zamani tu. Kabambare ina dhahabu ya Namoya, na dhahabu inaita wageni wa kila namna, wenye mashine na wenye sururu. Wengine nao huanza kwa kusema «sisi ni ndugu». Neno hilo ni tamu, lakini lazima lionekane kwa matendo.

Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tippu Tip hakupewa jembe, alipewa kiti. Tusikitupe kitabu chake. Tuendelee kukisoma, na lugha yake tuifurahie. Ila kila ukurasa mwalimu amfundishe mwanafunzi kuuliza: mwenyeji yuko wapi, naye angesema nini?