Bomba la Milimita 32 Chini ya Boneti

Wenye Subaru Impreza za turbo wanapomwendea mchomeleaji kutaka chuma cha kuunganisha minara ya shoki za mbele, ubishi huanzia kwenye aina ya madini. Fundi ambaye kazi yake naichambua hapa alichukua bomba jeusi la kawaida, kipenyo milimita 32, unene wa ukuta milimita 2, lile la kutengenezea mageti na viti. Mteja alinuna, alitaka alumini ing'ae boneti ikifunguliwa. Hesabu iko upande wa fundi.

Kwenye suspensheni ya MacPherson, kama hiyo ya mbele ya Impreza, shoki ndiyo inayoshika gurudumu kwa juu, hivyo kila kona husukuma au kuvuta mnara wake. Chuma hiki huzuia minara isisogeleane wala kuachana. (Kwenye Hilux, ambayo suspensheni yake imefungwa kwenye chasisi, ni pambo tu.) Kinachotafutwa basi ni ukakamavu, si uwezo wa kutokatika. Chuma cha geti na aloi ya kromu na molibdeni ya magari ya mashindano vina ukakamavu unaokaribiana sana, gigapaskali 200 hivi. Aloi hubeba mzigo mkubwa zaidi kabla ya kuharibika, lakini kwa mzigo uleule hunyumbuka sawa na geti. Alumini ina 70 tu. Ili ilingane na chuma inahitaji madini karibu mara tatu kwenye mkato wake, na kwa kuwa uzito wake ni theluthi ya chuma, ule wepesi uliolipiwa unapotea. Tena alumini inayopatikana kirahisi kwetu ni ya fremu za madirisha, na joto la kuchomelea huilegeza pale pale kwenye kiungo.

Tatizo kubwa ni umbo. Kipoza hewa ya turbo kimekaa juu ya injini, kwa hiyo chuma lazima kipande kukivuka. Chukua bomba la kipenyo cha milimita 25, ukuta 2, urefu mita moja. Likiwa limenyooka, ukilisukuma kwa nguvu ya niutoni 1,000, sawa na uzito wa kilo 100 hivi, linafupika milimita 0.035. Liinue katikati kwa milimita 50 tu, ncha zikiwa huru kuzunguka, na ncha hizo zitasogeleana karibu nusu milimita. Zaidi ya mara kumi! Hakuna aloi ya kuziba pengo hilo. Kipenyo cha 32, kwa umbo hilohilo, kinapunguza msogeo huo hadi 0.22. Shafti ya milimita 25 isiyo na uwazi ingefika karibu hapohapo, ila kwa karibu kilo nne badala ya kilo moja na nusu.

Ndiyo maana sikubaliani na vile vyuma vya dukani vyenye boliti moja ya kuzungukia kila upande. Kwenye chuma kilichonyooka boliti hiyo haina ubaya mkubwa. Kwenye kilichopinda, ndiyo inayoruhusu ncha kuzunguka. Fundi alichomelea bomba moja kwa moja kwenye sahani za pembeni, zile zinazofungwa juu ya minara.

Sahani nazo alizifikiria kuliko bomba lenyewe. Ukakamavu wa bati hukua kwa unene kipeo cha tatu: kutoka milimita 3 hadi 6 unapata mara nane. Lakini stadi za juu ya shoki ni fupi, na nati ikikosa nyuzi za kutosha, umeharibu kitu muhimu kuliko chuma chote hicho. Akasimama kwenye 5, akaongeza vipande vya pembetatu pale bomba linapokutana na sahani. Bomba la mabati alilikataa kabisa: zinki ikiungua hutoa moshi unaomwachia mchomeleaji homa usiku.

Vipimo alivichukua gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake kwenye sakafu sawa, akashikiza kwa nukta chache, kisha akamalizia mezani. Kabla ya rangi alirudisha sahani kwenye stadi kwa mkono. Upande wa kushoto ulikataa kuingia, maana joto lilikuwa limeuvuta kidogo, naye akaunyoosha mezani badala ya kuulazimisha kwa nati.