Kanuni ya Boyle katika Maji ya Kigoma

Kanuni aliyoichapisha Robert Boyle mwaka 1662 huelezwa kwa wepesi hivi: kanieneo ya gesi ikizidi, ujazo hupungua. Neno kanieneo limeundwa vyema, kwa kani na eneo. Upungufu umo katika sentensi. Haitaji kipimo, kwamba kanieneo ikiwa maradufu ujazo huwa nusu. Wala sharti, kwamba kiasi cha gesi na halijoto visibadilike.

Ziwa Tanganyika, lenye kina kifikacho mita 1,470, laonyesha kosa jingine. Mfuko laini wa hewa ukizamishwa mita 10 kutoka Kigoma hubaki karibu nusu. Kwenye mita 700 hewa bado huifuata kanuni kwa karibu. Lakini kabonidioksidi, katika maji ya nyuzi 23 hivi, huwa imekwisha kuwa kimiminiko.

Basi kusema “gesi” tu hakutoshi. Na kusema “gesi bora” kwapoteza, kwani hiyo si sifa ya ubora: ni gesi ya kuwaziwa, ambayo chembe zake hazina ujazo wala hazivutani. Van der Waals alizisahihisha dhana hizo mbili mwaka 1873. Yafaa wafasiri nao wazitaje.