Mchoraji Naye Ametunga

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba picha katika kitabu cha watoto ni kama kachumbari kwenye pilau: ikikosekana, watu watakula tu. Mtunzi ni mtunzi, mchoraji ni fundi. Ndugu msomaji, mwaka jana nilikwenda kwenye tamasha moja la vitabu vya watoto hapa Dar es Salaam, na imani hiyo ikanitoka.

Meza kuu walikaa waandishi watatu, majina yao yakiwa kwenye bango. Mchoraji, mzee mwenye mvi, aliwekwa pembeni kwenye kiti cha plastiki, karibu na spika. Mshereheshaji alimtambulisha mwisho: "Tunaye pia mchoraji wetu, atawachangamsha watoto." Basi! Hata jina hakulitaja. Mzee akapewa kalamu ya wino na karatasi kubwa, achore simba, achore tembo, watoto wapige makofi. Danganya toto tupu.

Ndipo msichana mmoja wa darasa la tatu hivi akanyanyua kitabu.

"Shikamoo babu. Mbona fisi wako kabeba viatu mkononi?"

Ukumbi ukacheka. Mzee hakucheka. Aliitikia marahaba, kisha akaeleza. Hadithi imeandika tu kwamba fisi aliingia usiku bila kusikika. Yeye akajiuliza: atafanyaje asisikike? Akamvua viatu. Tena, akasema, fungueni ukurasa wa mwisho, fisi anakimbia peku. Watoto wakafunua kurasa mbio mbio. Kweli bwana, viatu vile pale, chini ya kitanda cha sungura! Mwandishi wa hadithi mwenyewe akaazima nakala akachungulia. "Jamani, hata mimi sikuviona," akasema.

Sasa nauliza: viatu vile katunga nani? Katika maneno havimo. Lakini ndani yake kuna tukio, kuna tabia ya fisi, kuna kejeli. Sekondari tulikaririshwa fani na maudhui mpaka tukachoka, wala hatukuambiwa kwamba mchoro nao unaweza kuyabeba hayo. Mtoto asiyejua kusoma huanzia hapo hapo.

Wenzetu walishaliona hili. Tuzo ya Hans Christian Andersen ilianza kutolewa kwa waandishi mwaka 1956, na kuanzia 1966 wachoraji nao wakapewa ya kwao. Uingereza ilipoanzisha cheo cha balozi wa vitabu vya watoto mwaka 1999, wa kwanza kukishika alikuwa mchoraji, Quentin Blake. Na hapa kwetu John Kilaka anatunga na kuchora mwenyewe, kwa mtindo uliotokana na Tingatinga, na vitabu vyake vimesomwa hadi Ulaya na Kanada.

Sisemi kila mchoro ni utunzi. Vitabu vyetu kibao vinarudia maneno tu: Juma anakula embe, na picha ni Juma anakula embe. Lakini mchoraji anayepewa orodha ya sentensi badala ya mswada, na akalipwa mara moja kisha akasahauliwa, atachora nini zaidi? Mzee yule alisema aliomba hadithi nzima, akaisoma mara tatu kabla ya kugusa penseli. Je, sisi waandishi chipukizi tunaisoma miswada yetu mara tatu?

Nami nina mswada wa watoto. Michoro kachora mshikaji wangu wa mtaani, na kwenye jalada nilikuwa nimeandika jina langu peke yangu. Yeye nilipanga kumpa hela ya soda. Jioni ile niliongeza jina lake, tukakubaliana mrabaha tugawane nusu kwa nusu. Si hisani: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatambua mchoro kuwa kazi ya sanaa yenye mwenyewe.

Mchapishaji mmoja ameniambia majina mawili yanajaza jalada, nichague moja. Nimeuchukua mswada, nimerudi nao nyumbani. Bado natafuta mwingine.