Seva Isiyo na Kikoa: Kumwekea Kikomo Msimamizi Mkuu

Kwa miaka mingi, akaunti ya Administrator inayokuja na Windows haikuweza kufungiwa. Mtumiaji wa kawaida akikosea nenosiri mara kadhaa, sera ilimsimamisha. Aliyebahatisha nenosiri la msimamizi mkuu aliachwa ajaribu mpaka apate. Wavamizi walilijua pengo hilo vizuri, na seva zilizoacha bandari 3389, ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, wazi kwenye intaneti zimekuwa windo lao la kila siku.

Tarehe 11 Oktoba 2022 Microsoft ilitoa masasisho yenye sera mpya inayoruhusu hata msimamizi huyo afungiwe. Pendekezo lake: makosa 10 ndani ya dakika 10, kisha kufungiwa dakika 10. Ila mashine zilizokuwa zikifanya kazi tayari hazikuwashiwa sera hiyo. Mwenyewe ndiye aiwashe. Penye kikoa, fundi hubadilisha mahali pamoja na seva zote zikafuata. Seva inayojitegemea haina mkubwa wa kuiamrisha.

Wengi hufungua dirisha la sera za usalama, secpol.msc, wakabofya, wakaondoka. Dirisha hilo linafaa kwa kutazama, lakini haliachi maandishi, na miezi sita baadaye hakuna ajuaye nani alibadilisha nini.

Njia ya kuaminika ni secedit. Amri ya secedit /export hutoa sera za usalama kwenye faili la maandishi lenye kiambishi .inf. Chini ya kichwa System Access, fundi huandika LockoutBadCount = 10, hupanga dakika kwenye ResetLockoutCount na LockoutDuration, kisha AllowAdministratorLockout = 1. Kabla ya kugusa seva, /generaterollback hutengeneza faili la kurudi nyuma, ingawa halirejeshi ruhusa za mafaili wala za rejista. Ndipo /configure itumike, na baadaye /analyze ilinganishe hali halisi na ile iliyoandikwa.

Kuna hatari moja isiyopaswa kupuuzwa: mvamizi anaweza kukosea makusudi ili msimamizi afungiwe nje. Kwa hiyo bandari 3389 izibwe kwanza kwenye ngome ya mtandao, na pawepo akaunti ya pili ya usimamizi yenye jina lisilobahatishika.

Anayetunza seva ya namna hii aandike amri ya net accounts leo. Mstari wa Lockout threshold ukionyesha Never, seva hiyo haina kikomo chochote cha kubahatisha nenosiri, na irekebishwe kabla siku haijaisha.