Wimbo wa Ngui: Jinsi ya Kuupima

Miteremko ya Kilungu, huko Makueni, imejaa matuta, na mengi yalichimbwa watu wakiimba. Vikundi vya mwethya, yaani majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu, huwa na ngui: mtunzi anayetoa ubeti, wenzake wakaitikia. Nyimbo ni nyingi, na si zote zina thamani sawa. Ukitaka kuzipima, anza hapa.

Kiitikio. Kiwe kifupi kiasi kwamba mgeni akishike papo hapo. Katika kazi ya fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, kiitikio kiangukie jembe linapozama, ngui naye avute ubeti mpya likiwa hewani. Wimbo unaowalazimu wachimbaji wasimame ndipo waumalize haukutungwa shambani.

Matamshi. Kikamba, lugha ya nyimbo hizi, ni lugha ya toni. Sauti ikipanda pasipofaa, maana hupotea. Fundi huyaacha maneno yaongoze lahani. Mkamba akiuliza, "Wamesema nini?", hiyo ni kasoro.

Kisa. Wakamba huzipa njaa majina: Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19, Atta ya 1961, na Nikwa Ngwete ya 1984, watu walipokuwa na pesa mkononi lakini chakula hakuna. Jina la namna hiyo hukuonyesha ubeti unasimulia wakati gani. Lisikudanganye kuhusu umri wa wimbo mzima, kwani beti huongezwa. Vivyo hivyo, mwaka wa kutajwa si mwaka wa kutungwa: Samuel Pepys aliutaja wimbo simulizi "Barbara Allen" katika shajara yake ya London mwaka 1666, lakini tayari ulikuwa ukiimbwa. Mkusanyaji Francis James Child naye, alipochapisha nyimbo simulizi 305 za Uingereza na Uskoti kati ya 1882 na 1898, aliweka matoleo kadhaa ya wimbo mmoja. Wimbo uliopita midomo mingi hubeba alama zake.

Fumbo. Katika myali, nyimbo za kusuta, anayesutwa ajijue na mpita njia acheke tu. Mtu akitajwa waziwazi na kutukanwa, ufundi umekwisha.

Jukwaa. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, limewafundisha watoto wengi nyimbo za asili. Hata hivyo jukwaani kuna saa: beti hupunguzwa, mpangilio hukaririwa. Usiupime wimbo kwa toleo hilo peke yake.

Kipimo cha mwisho ni rahisi. Mwombe ngui aingize habari ya leo, tuseme bei ya maparachichi sokoni Nunguni, bila kukivunja kiitikio. Anayekariri vizuri ni mwimbaji. Anayeweza hilo ndiye ngui. Na ukienda kurekodi, rekodi wimbo uleule siku mbili tofauti, kisha uhifadhi rekodi zote mbili. Usifute ile unayodhani imekosewa.