Kazi, Muda na Sifa ya Baba katika Vitabu vya Picha vya Watoto

Vitabu vya picha vinavyosimulia uhusiano wa baba na mtoto aghalabu hukusanywa chini ya kichwa kimoja: vitabu vinavyomtukuza baba katika tamaduni mbalimbali. Uainishaji huo humfaa mwalimu na mkutubi. Hata hivyo, humzoesha msomaji kuutafuta utamaduni katika mavazi, chakula na sikukuu peke yake. Sehemu hii inajenga hoja kwamba, katika vitabu bora vya aina hii, kinachowatofautisha akina baba zaidi ni kazi wanazozifanya na muda ambao kazi hizo huwaachia. Habari hiyo aghalabu hubebwa na picha pale ambapo maneno yamenyamaza.

Mfano wa kwanza ni Gorilla cha Anthony Browne, kilichotoka Uingereza mwaka 1983 na kupata Medali ya Kate Greenaway. Hannah anapenda gorila, lakini baba yake hana nafasi ya kumpeleka kuwaona: mchana yuko kazini, jioni anafanya kazi nyumbani. Matini haimlaumu baba huyo. Lawama imo katika picha ya kifungua kinywa, ambapo jiko limechorwa kwa rangi baridi na mistari iliyonyooka, na gazeti limesimama kama ukuta kati ya mzazi na mwana. Usiku, mwanasesere wa gorila anakua, anavaa koti na kofia ya baba, na kumpeleka mtoto kwenye bustani ya wanyama. Asubuhi baba halisi anatoa mwaliko uleule, na ndizi inachungulia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yake. Ndizi hiyo haitajwi popote katika maneno. Mtoto anayetazama ndiye anayeigundua. Pamoja na ustadi huo, mwisho wa kitabu una udhaifu. Baba amebadilika, ilhali kazi iliyomnyima nafasi haijabadilika, na hadithi haielezi kesho yake itakuwaje.

Kitabu cha Yu Li-Qiong kilichochorwa na Zhu Cheng-Liang, kinachojulikana kwa Kiingereza kama A New Year's Reunion, hakikwepi swali hilo. Msimulizi ni Maomao, mtoto wa Kichina ambaye baba yake hujenga nyumba mbali na kwao, na hurudi mara moja tu kwa mwaka, wakati wa Mwaka Mpya. Kwa msomaji wa haraka, hiki ni kitabu cha sikukuu: kuna vitonge vya unga wa mchele, na ndani ya kimojawapo imefichwa sarafu ya bahati. Lakini mtoto anapomwona baba yake kwa mara ya kwanza anamwogopa kama mgeni. Mjenzi wa nyumba za watu ana siku chache tu za kukarabati nyumba yake mwenyewe. Hatimaye Maomao anampa baba anayeondoka ile sarafu, ili waifiche tena kwenye kitonge mwaka ujao. Sikukuu hapa ni kipimo cha muda. Utamaduni umechorwa kwa upendo, nao unadhihirisha gharama ambayo familia ya kibarua anayehama hulipa.

Katika A Different Pond cha Bao Phi, kilichochorwa na Thi Bui na kuchapishwa Marekani mwaka 2017, kazi imeingia ndani ya mapenzi yenyewe. Baba na mwana, wakimbizi kutoka Vietnam wanaoishi Minneapolis, wanakwenda kuvua samaki kabla ya alfajiri. Mtoto anashangaa kwa nini wavue chakula ilhali baba amepata kazi ya pili. Anajibiwa kwamba maisha nchini humo ni ghali. Hivyo saa waliyo nayo pamoja ni saa ya kutafuta kitoweo. Bwawa hilo linamkumbusha baba bwawa jingine, alikokuwa akivua na ndugu yake ambaye vita vilimchukua. Bui anatumia buluu ya usiku kuyaunganisha mabwawa hayo mawili, na msomaji anahisi huzuni ambayo baba ameieleza kwa maneno machache tu.

Huenda ikadaiwa kwamba hoja hii inapuuza thamani ya sifa ya wazi. In Daddy's Arms I Am Tall, mkusanyiko wa mashairi uliochorwa na Javaka Steptoe mwaka 1997, unawasifu akina baba Wamarekani Weusi bila kificho. Sifa hiyo ina sababu ya kihistoria: inajibu taswira iliyoenezwa kwa miaka mingi ya baba Mweusi asiyekuwepo nyumbani. Hata hapo, picha za Steptoe, zilizoundwa kwa karatasi zilizochanwa na vitu vilivyookotwa, huizuia sifa isielee hewani, kwa kuwa zinamrudisha msomaji kwenye vitu vinavyoshikika.

Kwa msomaji wa Kiswahili, ulinganisho huu una uzito wa pekee. Katika Utenzi wa Hati, ambao Shaaban Robert alimwandikia binti yake, na Utenzi wa Adili aliomwandikia mwanawe wa kiume, baba ndiye msemaji na mtoto ndiye msikilizaji. Vitabu vitatu vilivyochunguzwa hapa vinageuza mpangilio huo. Baba anasema machache, naye mtoto, awe msimulizi au mtazamaji, ndiye anayempima. Mwandishi au mfasiri wa Kiswahili anayetaka kumtukuza baba kwa njia hii atalazimika kumkabidhi mtoto haki ya kuona, ikiwa ni pamoja na kuuona uchovu wa baba, kuchelewa kwake na safari zake. Akiviondoa hivyo ili sifa ing'ae, kitabu kitabakiwa na mavazi na chakula, na baba mwenyewe hatakuwamo.